Spika ya Kulia Iliyommeza Mwimbaji

Nimeipa intafesi hii, kile kisanduku kinachounganisha maiki na spika kwenye kompyuta, nyota mbili. Jana nilikuwa nimeipa moja. Huenda kabla sijamaliza kuandika nikabadilisha tena, kwa hiyo msinishike kwa neno.

Sitawaeleza ina matundu mangapi ya maiki wala inarekodi kwa ubora gani. Hayo yamejaa kwenye boksi. Kisa changu ni cha tundu moja tu, la nyuma, la mwisho kulia.

Yapo matatu pale nyuma, yamejipanga kama vifungo vya shati. Mawili ni ya spika, kushoto na kulia, na moja ni la hedifoni. Ndiyo, la hedifoni, nyuma! Mbele kuna jingine la hedifoni, na ndilo kila mtu atakalolitumia, sasa hili la pili limefuata nini kule kwenye nyaya? Yote ni ya milimita 6.35, yote yanapokea jeki (kichwa cha waya) ileile, na alama zake zimechorwa kijivu juu ya weusi, vidogo vidogo kama miguu ya sisimizi. Mimi niliunganisha kama watu wanavyounganisha: nimeinamia meza, mkono umezunguka nyuma, kidole kinapapasa. Nikapata tundu la kwanza, nikachomeka spika ya kushoto. Nikapata la mwisho, nikachomeka ya kulia. La katikati nikalidhania ndilo la hedifoni, nikaliacha.

Muziki ukatoka pande zote mbili. Nikafurahi kama mtoto. Kweli upande wa kulia ulikuwa mwepesi mwepesi, besi haisikiki, lakini nikasingizia kona ya chumba.

Siku chache baadaye akaja dada mmoja kurekodi. Akiwa na hedifoni alijisikia vizuri, na sauti haikumchelewa hata kidogo, maana ile swichi ya kujisikiliza moja kwa moja bila kupitia kompyuta inafanya kazi barabara. Hapo nawapa haki yao. Tulipomaliza akavuta kiti, akakaa jirani na spika ya kulia tusikilize. Akasikiliza, akakunja uso.

"Kaka, mbona mimi simo?"

Mimi nilikuwa nimekaa kushoto, kwenye kompyuta, na namsikia bila shida. Nikamwambia anaimba kwa woga, aitoe sauti kifuani. Akarudia ubeti. Akarudia tena. Kufika mara ya saba koo lilikuwa limeanza kukwaruza, na hakuna tena aliyekuwa anacheka mle chumbani. Akaaga, akaondoka.

Nilipobaki peke yangu nikakaa kwenye kile kiti chake. Jamani. Gitaa lipo, waitikiaji wa pembeni wapo, na hata mwangwi niliouweka kwenye sauti yake upo, unaelea kama mtu anaimba nyumba ya tatu. Mwenyewe hayupo. Kiki, lile dundo la ngoma kubwa, haipo. Besi haipo.

Nikabadilisha nyaya kule kwenye spika, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia: ugonjwa ukahamia ya kushoto. Basi spika ni nzima. Nikaleta waya mpya: yaleyale. (Na kama ni mtu wa hasira kama mimi, zima spika kabla hujagusa jeki. Nilichomoa zikiwa zinawaka, zikapiga kishindo nikajua nimeziua.) Nikahitimisha kwamba intafesi ni mbovu, nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja maelezo marefu, kila jaribio na matokeo yake.

Jibu likaja: "Mpendwa mteja, tafadhali hakikisha kifaa kimewashwa."

Nikawaeleza tena. Wakaniuliza kama nimejaribu kuongeza sauti ya maiki. Maiki! Mimi nasikiliza wimbo uliokwisha kurekodiwa! Mara ya tatu akaingia mwingine, huyo akaandika kwamba hilo ni suala la miksi yangu, yaani nilivyochanganya sauti, na nitafute prodyuza mwenye uzoefu anisaidie. Nyota moja niliiandika dakika hiyohiyo, vidole vinatetemeka.

Usiku wa siku nyingine nikavua hedifoni na, kwa mazoea, nikarudisha nobu yake, kile kitufe cha kuzungusha sauti, hadi sifuri. Spika ya kulia ikanyamaza. Nikaipandisha, ikafufuka. Nikaenda kwenye nobu kubwa, ile ya spika, nikaizungusha mwanzo hadi mwisho: ya kushoto inapanda na kushuka, ya kulia wala haina habari. Nikawasha tochi ya simu, nikaichungulia nyuma. Ka-picha ka hedifoni hako hapo.

Aliyekuja kunifafanulia ni rafiki fundi, si wale wapendwa. Jeki ya aina hii ina ncha, pete na shina. Kwenye tundu la hedifoni, ncha inabeba kushoto na pete inabeba kulia. Kwenye tundu la spika, ncha na pete zinabeba sauti moja, ila kwenye pete imegeuzwa kinyume. Spika inaitoa ya pete kutoka kwenye ya ncha, kama hesabu ya kutoa: sauti iliyogeuzwa inajumlika, na kelele zilizoingia njiani, kwa kuwa ziko sawa pande zote, zinafutana. Sasa mimi nikaipelekea kushoto na kulia. Chochote kinachokaa katikati, yaani kati ya kushoto na kulia, kiko sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo spika ikakiona ni kelele, ikakifuta. Na mwimbaji anawekwa wapi? Katikati. Alifutwa kwa ustadi kabisa.

Nikahamisha jeki tundu moja tu. Wallahi sijawahi kusikia spika zangu zikisema vile: sauti imesimama katikati kama mtu yuko mbele ya meza, besi imerudi imenona, kimya hakina muungurumo. Niliipandisha hadi nyota nne palepale, na kosa nikalikubali kuwa ni langu.

Lakini langu lote? Waliopanga matundu matatu pacha gizani ni mimi? Na mtu mmoja tu pale kwao angeniuliza "umechomeka tundu lipi?" yangeisha siku ileile. Kila nikikumbuka lile la prodyuza mwenye uzoefu nyota zinashuka zenyewe. Mbili zinatosha. Labda tatu, kwa ajili ya ile swichi.

Tundu lile nimeliziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Katika zile rekodi saba, nzuri kuliko zote ni ya kwanza kabisa, ile niliyosema ameiimba kwa woga. Nimempigia yule dada mara mbili nimwambie. Hajapokea.