ATM ya kidole: mimi inanisoma, mama yangu imemgomea

Wadau, hii ATM ya kidole nimeitumia kama miezi miwili sasa hapa Mtwara, benki siitaji jina. Kwa upande wangu iko vizuri aisee, unachomeka kadi unaweka kidole kwenye kioo, taa ya kijani ikiwaka unachagua kiasi, hela hiyo, hakuna habari ya kuficha namba huku mtu wa nyuma amekusogelea mpaka shingoni.

Ndo maana nikampeleka mama. Yeye namba ya siri alikuwa kaiandika kwenye karatasi kaikunja pamoja na kadi, mtu wa nyumbani kabisa akachukua vyote akatoa laki mbili na nusu, tumekuja kujua wiki imeshapita. Nikasema kidole hakuna wa kukichukua.

Sasa mama kabangua korosho zaidi ya miaka ishirini. Wanaoijua ile kazi wanajua, mafuta ya ganda yanaunguza, ngozi inabanduka, mnapaka majivu kazi inaendelea, vidole vyake vimebaki laini kama sahani. Kaweka dole gumba, nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Kajifuta kwenye khanga karudia, nyekundu tena, foleni inaguna, akanigeukia, "Mwanangu, kwani hela si zangu?" Iliniuma sana. Ndani tukaambiwa tujaribu kidole kingine, kujaza fomu na kusubiri masaa matatu ndo akapata hela yake.

Skana hizi zinasoma michirizi ya juu ya ngozi, ikiisha imeisha. Japani kuna benki inaitwa Ogaki Kyoritsu, mwaka 2012 walileta ATM za kusoma mishipa ya damu ndani ya kiganja, unaongeza tarehe ya kuzaliwa na namba ya siri, kadi hata huhitaji, walifanya vile baada ya tsunami ya 2011 watu kupoteza kadi zao. Mishipa iko ndani, mafuta ya korosho hayaifikii. Mnaletaje mashine kwenye mji wa korosho bila kuijaribu kwa mbanguaji hata mmoja?

Mimi naipa nne kwa tano, kwa mama naipa moja. Ukienda kusajili sajili vidole vyote, hasa cha mwisho maana ndo hakichoki sana.

Mama kaomba arudishiwe namba ya siri, kila jioni tunamkaririsha bila karatasi, jana kapatia mara tatu mfululizo.