Mwaka mmoja na huduma ya uuguzi wa nyumbani, Wete

Nilianguka kutoka juu ya mkarafuu wa marehemu baba yangu, nikavunjika uti wa mgongo, na tangu hapo miguu yangu haina hisia. Kwa mwaka mmoja sasa ninahudumiwa nyumbani na kikundi kidogo cha wauguzi, pamoja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wanaozunguka Wete na vijiji vya jirani kwa pikipiki. Jina lao sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko pia.

Ziara moja ni shilingi 15,000. Kwa bei hiyo muuguzi hubadilisha mpira wa mkojo unapofika wakati wake, hukagua mgongo na makalio kutafuta dalili za vidonda vya kulalia, hunyoosha viungo visikakamae, kisha hunihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mwanamume huhudumiwa na mwanamume, na mwanamke na mwanamke. Bila ya utaratibu huo mama yangu asingekubali mgeni aingie chumbani.

Kabla yao nilikaa miezi minne kitandani na kidonda kinachonuka, nikigeuzwa na mama huyo huyo mwenye umri wa miaka 70. Waliokuja kunizuru walimwambia mbele yangu, kana kwamba masikio nayo yamevunjika, "Bora Mungu ampumzishe." Nami nikaanza kukubaliana nao. Lau siku zile angetokea daktari na karatasi ya kuomba kufa, ningeitia saini, na watu wangesema nimetaka kwa hiari yangu.

Ndiyo maana huduma hii naipima kwa kipimo ambacho huenda mteja mwingine asikitumie. Watu wenye ulemavu wanaopinga sheria za kuruhusu mtu asaidiwe kujiua wamekuwa wakieleza jambo hili hili nililolipitia. Marekani, Diane Coleman alianzisha mwaka 1996 kikundi cha Not Dead Yet, yaani "bado hatujafa", na jina hilo linawajibu vizuri wageni wangu wale. Katika jimbo la Oregon, ambako sheria ya namna hiyo inatumika tangu 1997, ripoti za kila mwaka zinaonyesha kuwa wanaoomba dawa za kujiua hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia na kushindwa kufanya mambo wayapendayo mara nyingi zaidi kuliko maumivu, na wengi hutaja pia hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa zao. Hofu hiyo naijua. Kwangu ilipungua wiki ambayo mama alilala usiku kucha bila ya kuamka kunigeuza, baada ya muuguzi kutufundisha namna ya kupanga mito.

Kanada ilihalalisha mgonjwa kusaidiwa kufa mwaka 2016 kwa wale ambao kifo chao kinatarajiwa. Mwaka 2021 ikawaongeza wenye maradhi au ulemavu mzito ambao kifo chao hakiko karibu, na Machi 2025 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu Wenye Ulemavu ikaitaka iifute nyongeza hiyo. Wanaoziunga mkono sheria hizi husema zinamwachia mgonjwa uamuzi. Siwadharau, kwani yapo maumivu ambayo mimi sijayaonja. Ila mtu aliyekosa wa kumwogesha, akapatiwa wa kumsaidia kufa, sioni ni uamuzi gani aliouachiwa.

Narudi kwenye malalamiko. Shashi na dawa ya kusafishia vidonda hulipiwa mbali, jambo ambalo sikuambiwa mwanzoni. Wakati wa masika walikosa kuja siku mbili mfululizo bila ya kupiga simu, mpira ukaziba, na nikapelekwa hospitali usiku kwa gari ya jirani. Waliomba radhi na sasa hupiga simu, lakini kwa mtu wa hali yangu kuchelewa si usumbufu mdogo. Mtaalamu wa mazoezi, kwa upande wake, sina la kumlaumu. "Maalim, leo unajihamisha mwenyewe," aliniambia mwezi uliopita, akasimama pembeni mikono nyuma mpaka nikafika kitini.

Ijumaa mchana hawafanyi kazi. Siku hiyo hunigeuza mtoto wa dada yangu, na nimeshawaomba wamfundishe kubadilisha mpira.