Tahadhari: Muuzaji anatangaza mukuna wa kufunika bustani, anatuma upupu

Ndugu zangu wa bustani, aliyeagiza kwa simu mbegu za "mukuna wa kufunika ardhi" akazipanda masika hii, asome hapa kabla maganda hayajakauka. Mimi yamenikaukia.

Nina michungwa michanga nyuma ya nyumba, huku Mkuranga. Ardhi ya kichanga, na ndago hazina adabu: unapalilia Jumamosi hii, Jumamosi ijayo zimesimama tena. Shoga yangu akanishauri nipande mukuna. Ushauri ulikuwa mzuri, simlaumu hata leo. Ni jamii ya kunde, hutambaa kwa kasi, na ndani ya miezi miwili au mitatu majani yake yameziba jua chini mpaka ndago zinanyong'onyea. Mizizi yake ina vinundu vinavyotega naitrojeni ya hewani, na ukifyeka, majani yote yanabaki kuwa matandazo. Kosa langu lilikuwa mahali nilipokwenda kununua.

Muuzaji nilimpata kwenye grupu la mauzo. Picha zake tamu: mnazi, chini yake kijani kitupu, na ndoo ya bluu pembeni. Kilo shilingi 20,000, nikachukua mbili, pesa nikatuma kwanza. "Mama yangu, hii haipandi miti, inalala chini kama zulia. Na mbegu zake unapika kama maharage." Hapo ningeshtuka. Mukuna wa kawaida unapanda miti, ukiuacha unaimeza michungwa. Ya kupika nitaisema chini.

Mzigo ukaja na basi, kwenye mfuko wa kaki usio na lebo wala jina la aina ya mbegu, wala tarehe ya kupimwa uotaji. Mbegu zilikuwa ndogo, za kahawia iliyokoza. Nikapanda mwishoni mwa Machi. Zikaota vizuri, hilo siwezi kumnyima.

Agosti kijana anayenisaidia akaingia kuchuma maganda. Hakufika hata mchungwa wa pili. Nikamkuta kavua shati, anajikuna shingo na mikono hadi ngozi inachubuka. Na mimi, kwa ujuaji, nikaenda kushika nione kuna nini. Mchana upepo ukapeperusha vinyweleo vya yale maganda mpaka kwenye kamba ya nguo, na usiku mume wangu akajifunga kikoi kilichoanikwa pale. Naishia hapo.

Tuliosoma shule za vijijini tunaujua upupu, ndio uliokuwa ukipakwa kwenye kiti cha mwalimu wa hesabu. Nilichokuwa sijui ni kwamba upupu na mukuna wa shambani ni mmea mmoja, wataalamu wanauita Mucuna pruriens. Ule wa kufugwa umechaguliwa miaka na miaka mpaka ukapoteza muwasho, wa porini bado unao. Ndiyo maana nilipompigia muuzaji alinijibu bila haya: "Si jina ni hilohilo, mama?" Kisha akanifungia namba.

Kwa hiyo jina lisikutoshe. Mwambie muuzaji akutumie picha ya ganda kavu la zao alilovuna, na akiwa karibu nenda ukalione. Ganda la mukuna wa kufugwa lina manyoya laini yaliyolala, ya kijivu au meusi, ukipapasa ni kama mahameli. La upupu limejaa vinyweleo vya rangi ya dhahabu iliyoiva kuelekea machungwa, vinavyotoka kwa kuguswa tu. Mbegu za kufugwa kwa kawaida ni kubwa, zinang'aa, nyeupe, nyeusi au za madoadoa. Lakini mbegu peke yake inaweza kukudanganya, ganda halidanganyi.

Kama umeshapanda na una wasiwasi, fyeka maua yanapotokea, usisubiri maganda. Hupotezi kitu, maana hata mukuna halali hufyekwa wakati huo ukiwa wa kurutubisha udongo. Maganda yakishakomaa, kata asubuhi umande ukiwa bado upo, vaa mikono mirefu, na watoto wakae mbali. Ukiguswa na vinyweleo usisugue: vua nguo, bandika selotepu kwenye ngozi ubandue, ndipo uoge. Vikiingia machoni, osha kwa maji mengi uende zahanati.

Sasa hiyo ya kupika. Mbegu za mukuna, hata wa kufugwa, zina levodopa, kemikali ileile ya dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Wanaozila huzichemsha mara nyingi wakimwaga maji kila mara. Mwaka 1989, mkoani Nampula, Msumbiji, katika njaa na uhaba wa maji, watu zaidi ya 200 walizila bila kuziandaa hivyo wakaugua, wengine wakachanganyikiwa akili. Anayekwambia "pika kama maharage" ana hatari kuliko muwasho wenyewe.

Pesa yangu hajarudisha. Mimi nimeng'oa kila kitu, sasa chini ya michungwa kuna fiwi niliyonunua sokoni huku naishika kwa mkono. Yeye wiki iliyopita nimemwona kwenye grupu jingine, namba mpya, mara hii anaita "maharage lishe ya kufunika bustani". Picha ni ileile, ya mnazi na ndoo ya bluu.