Nililipia bronzi, nikachongewa brasi: bushi ya shafti ya boti, Mtwara

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za washa za nozo (pete bapa za shaba zinazokaa chini ya vipulizia dizeli vya injini), ambazo nitazifikia. Bushi ya shafti, yaani mkono mfupi wa metali ambamo shafti ya propela huzunguka, haijapata hata nusu. Jamaa waliniambia nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, na kusi limeshakata.

Karakana ipo Mtwara mjini, ina mashine kubwa ya kuchongea na imara, jina sitaji. Kazi niliyowapelekea si ya ajabu: bushi ya tezi, ile ya nyuma kabisa inayobeba shafti ya stenlesi ya milimita 40 pale inapotoka kwenda kwenye propela. Nje milimita 52, urefu 120, yaani mara tatu ya unene wa shafti, na nafasi ya milimita 0.15 kati ya shafti na bushi baada ya bushi kugongwa mahali pake. Karatasi ya oda imeandikwa kwa mkono wa karani wao mwenyewe: bronzi ya baharini, shaba asilimia 85, halafu bati, zinki na risasi asilimia tano tano. Bei niliyolipa ni ya bronzi. Nilichopewa ni brasi.

Boti ilipopandishwa mchangani kwa bamvua na shafti kuchomolewa, bushi ilikuwa na madoa ya waridi ndani ya njano yake, hasa upande wa nje unaopata maji. Ncha ya bisibisi ilizama. Ukikwangua, inamung'unyika kama kopa la muhogo lililoliwa na dumuzi. Ile nafasi ya 0.15 ilikuwa imekaribia milimita mbili. Kumbe ndiyo sababu tezi ilikuwa inatetemeka na pakingi, zile kamba za kuziba maji kuzunguka shafti, haizuii maji hata uongeze kamba: shafti ikishaanza kucheza, inaisukuma kamba pembeni kila mzunguko, nawe unakaza nati bure.

Brasi ni shaba na zinki. Hii ya kawaida ya karakana ina shaba karibu asilimia 58, zinki karibu 39, na risasi kidogo ili ikatike vizuri. Ikikaa kwenye maji ya chumvi, zinki inatoka taratibu na shaba inabaki peke yake, imejaa vitundu, haina nguvu. Umbo linabaki lilelile, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Unaiona nzima, kumbe imebaki ganda. Kwa bomba la jikoni sina neno na brasi. Kwa tezi ya boti ya baharini, ni kumwibia mtu kwa risiti.

Nikaipeleka bushi karakana. Msimamizi alikuwa anakula. Hakuishika hata kidogo, akaitazama kutoka pale alipokaa, akasema, "Mjomba, maji ya chumvi yanakula kila kitu." Nikamwekea karatasi ya oda mbele ya sahani. Akajibu, "Hiyo ni bronzi, imetoka kwenye propela ya meli." Akarudi kwenye wali wake.

Hili la propela nalieleza vizuri kwa sababu litawaponza wengi. Propela nyingi zinazouzwa kama chuma chakavu zinaitwa bronzi ya manganizi, na jina hilo linapumbaza. Ndani yake ni shaba asilimia 58 hivi, zinki kama 39, na kiasi kidogo cha chuma, alumini na manganizi cha kuipa nguvu. Yaani ni brasi ngumu. Kwa kazi ya propela inafaa, kwa sababu ni nene na hukingwa na vipande vya zinki vinavyoliwa na chumvi badala yake. Ukiichonga iwe bushi ya unene wa milimita sita, zinki inatoka vilevile. Kwa hiyo msimamizi huenda hakudanganya kuhusu ilikotoka. Alidanganya kuhusu inachofaa, au hajui, na sijui lipi ni baya zaidi kwa mtu anayepokea hela za wavuvi.

Kabla bronzi unayouziwa haijafungwa kwenye mashine, piga tupa sehemu moja mpaka ing'ae, uitazame kwenye jua, si chini ya taa. Brasi ni njano ya limau. Bronzi hii ina wekundu wa kahawia. Shaba tupu ni ya waridi. Ukiwa na shaka, omba chenga chache zichomwe kwa tochi ya gesi mpaka ziyeyuke: zinki huchemka nyuzi 907 na shaba huyeyuka nyuzi 1,085, kwa hiyo brasi itatoa moshi mweupe mzito na kuacha unga mweupe pembeni, wakati bronzi yenye zinki asilimia tano itatoa kidogo tu. Fanyeni nje na msimame upande upepo unakotoka, maana anayeuvuta moshi ule hushikwa na homa ya kutetemeka saa kadhaa baadaye. Wako wanaopendekeza kupima uzito wake hewani na ndani ya maji. Sawa, lakini kwa kipande cha kilo moja tofauti ya brasi na bronzi ni kama gramu nne za maji. Tafuta mizani ya sonara; ya korosho haitaiona.

Sasa washa. Injini inataka washa nne za shaba nyekundu tupu chini ya nozo, unene milimita 2.0, na hapo sina budi kusema haki ya mtu. Alizichonga dada mmoja wa pale, mkimya, na anaijua kazi. Shaba tupu ni mbaya kuchonga: inavutika, inang'ang'ania kisu, inatoa nyuzi ndefu zinazojiviringa kwenye kazi, na keekee ikiingia kwa pupa inakamata na kupindisha kila kitu. Yeye alikiondoa kwenye mashine kisu cha kuchongea brasi, ambacho uso wake wa juu huwa bapa ili kisijichimbie, akanoa kingine chenye mteremko mkali, akawa anadondoshea mafuta ya taa muda wote. Baada ya kukata washa alizisugua pande zote mbili kwa msasa laini juu ya kioo, ukingo uliochomoza ukaisha. Nimezipima kwa maikromita: tofauti kati ya nene kuliko zote na nyembamba kuliko zote haifiki 0.02.

Unene huo si mapambo. Washa ikizidi, nozo inakaa juu na dizeli inarushwa pasipo mahali pake kwenye pistoni, moshi mweusi. Ikipungua, ncha inateremka mno, na kwenye injini zenye nafasi ndogo inaweza kuguswa na pistoni. Halafu alizilainisha kwa moto bila kuambiwa: akazipasha kivulini mpaka wekundu hafifu, akazitumbukiza majini. Shaba si kama chuma cha visu, maji hayaigandishi kuwa ngumu. Yanaondoa magamba meusi tu. Ukiidondosha kwenye sakafu ya saruji, iliyolainishwa inatoa kishindo kifupi, ngumu inalia kama sarafu. Washa ngumu haijazi mikwaruzo ya kikalio, gesi ya moto inapenya, masizi yanaigandisha nozo, na siku ya kuitoa utamlaani kila mtu. Nilipozifunga nilimwagia dizeli kidogo kuzunguka kila nozo na injini inawaka. Hakuna povu hata moja. Mkizitoa zilainisheni tena kabla ya kuzirudisha, kwa kuwa kubanwa kunazifanya ngumu.

Kwa washa hizo nilikuwa nimeshafikia nyota tatu, kisha nikakumbuka namna bushi ilivyofungwa, na tatu zikaniota mbawa. Hata ingekuwa bronzi halisi, wangeiua. Tundu lilichongwa 40.15 bushi ikiwa mkononi, huku nje imeachiwa 0.04 ya kubana, yaani nene kuliko tundu inamogongwa. Bushi ikigongwa kwa kubana, tundu la ndani nalo linapungua karibu kiasi hichohicho. Tena walipima kwa venia, kile kipimo cha kutelezesha, wakati kazi imetoka kwenye kisu na bado ina moto: nyuzi 60 tu juu ya kawaida, tundu la 40 linaonekana pana kwa zaidi ya 0.04, na likipoa linarudi. Jumlisha mwenyewe kilichobaki cha nafasi.

Shafti ikagoma kuzunguka kwa mkono. Badala ya rima au skrepa, vifaa vya kupanua tundu kwa kulikwangua, wakaleta mti uliozungushiwa msasa, wakausugua ndani. Chembe za msasa zinazama kwenye brasi laini na hazitoki ng'o, bushi inageuka tupa, na inayolika ni shafti. Shafti ya stenlesi, jamani, ambayo bei yake ni ya kuuzia shamba! Mfereji wa grisi nao waliupeleka mpaka mwisho kabisa wa upande wa bahari, wakati ulitakiwa usimame milimita kumi hivi kabla ya ukingo. Grisi yote niliyosukuma ilikwenda kulisha samaki.

Asije mtu na habari za kipande cha zinki cha kukinga. Kipo, kimelika nusu, kimegusana na shafti bila rangi katikati. Kinasaidia shafti na propela. Bushi iliyojificha ndani ya bomba na grisi haifikii vizuri. Na wanaosema nihamie bushi ya raba yenye mifereji, ile inapozwa kwa maji, inataka njia ya maji safi isiyo na mchanga mwingi, na grisi haiwekwi kabisa. Kwa boti inayokaa mchangani kila maji yakipwa, bado nasita. Meli za zamani zilitumia mti mgumu wa Karibi uitwao lignum vitae mahali hapa, na wakati mwingine nautazama mpingo wetu wa Kilwa nikiwaza, lakini hayo ni mawazo ya mtu mwenye hasira.

Kwa hiyo nyota mbili, na ni za yule dada, si za karakana. Wamenipigia kusema watachonga nyingine kwa nusu bei. Nimewaambia bronzi ije kwanza niipige tupa juani, achonge dada yuleyule, na tundu la mwisho likatwe bushi ikiwa imeshagongwa na imepoa. Msimamizi akasema atanirudia. Simu yake sasa haipatikani.