Ruta ya Wi-Fi Inapozidiwa na Watumiaji
Ruta niliyoijaribu hufanya kazi vizuri ikiwa na watumiaji watatu au wanne, lakini wanapoongezeka kasi yake hushuka mno, wala ile kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi haionekani tena. Sababu ni kwamba vifaa vyote hutumia kwa pamoja masafa yaleyale ya redio, kila kimoja kikisubiri zamu yake ya kutuma, na hata simu moja ya zamani iliyo mbali, kwa kuwa hutuma polepole, hula muda wa wengine wote. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambako chaneli (vipande vya masafa hayo) zisizoingiliana ni 3 tu, nilikata tamaa. Masafa ya gigahezi 5 yalinipa nafuu kubwa. Kwa ofisi yenye watu wengi, ningechagua ruta ya Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha Wi-Fi), inayoweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa mpigo.