Plasta ya chokaa au ya simiti kwa nyumba ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu?

Kwa bei na haraka, simiti inashinda: mfuko uko dukani, plasta hukauka upesi, na mafundi wake ni wengi. Chokaa hutaka subira na mkono ulioizoea.

Lakini kuta za kale za Lamu ni za mawe ya matumbawe, nayo hunyonya unyevu na chumvi. Chokaa huziacha zipumue. Simiti hufungia maji ndani. Plasta hubanduka, na ncha za boriti zilizomo ukutani huanza kuoza. Huniuma kuona zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zikiharibika hivyo, tena katika mji ulio Urithi wa Dunia tangu 2001.

Nyumba yako ni ya matofali ya saruji? Simiti yatosha. Ni ya mawe? Ningengoja chokaa. Mwenye paa linalovuja na pesa haba aanze na paa, plasta ingoje.