Klasta ya kukodi: kupanuka fasta, kupungua ndo shughuli

Nimeitumia hii huduma ya klasta ya Spark (programu ya kuchakata data kubwa kwa kugawa kazi kwenye kundi la mashine, ndo klasta yenyewe) kwenye klaudi kama miezi minne hivi, jina siweki. Kuwasha ni raha aisee, zamani kusimika Hadoop (mfumo mwingine wa data kubwa kwenye mashine nyingi) kwa mkono ilikuwa unakesha na mafaili ya XML, sa hivi unachagua idadi ya mashine unabonyeza, hujamaliza hata kusoma meseji zako klasta iko hewani.

Kujipanua nako poa, kazi zikijaa kwenye foleni ya YARN (msimamizi anayezigawia kazi memori na nafasi kwenye mashine) mashine zinaongezeka zenyewe. Shida ni kurudi chini. Kuna siku kazi zote zimeisha jioni, asubuhi nafungua nakuta mashine 20 bado zimewaka zinakula hela, foleni tupu kabisa! Nimehangaika nusu siku kumbe kuna mwenzetu kaacha notibuku (ukurasa wa kuandikia na kuendesha kodi) wazi na alikuwa amekeshi jedwali kubwa, yaani kalihifadhi kwenye memori. Sasa Spark ikiwa kwenye mtindo wa kuomba na kurudisha rasilimali yenyewe, ekzekyuta (programu ya Spark inayofanya kazi kwenye mashine) isiyo na kazi inaachiwa baada ya sekunde 60, lakini ile iliyoshika keshi haina kikomo, inakaa tu mpaka uweke kikomo mwenyewe kwenye seting ya cachedExecutorIdleTimeout. Yaani YARN inaona memori imeshikwa, klasta inadhani watu wako kazini. Hilo sio kosa lao, Spark yenyewe ndo inakuja hivyo, ila hawa jamaa wanauza "usimamizi" halafu dashibodi yao inaonyesha kijani tu, kijani cha nini sasa? Nikawaandikia sapoti, jibu likaja niongeze ukubwa wa mashine 😂

Zile mashine za bei ya kutupa ambazo mwenye klaudi anaweza kukunyang'anya muda wowote, wanazo, na zimenisaidia sana kwenye bili, ila draiva (programu inayoongoza kazi yote) usiiweke huko kabisa, ikiondoka imeondoka na kazi nzima. Na notisi yenyewe ni fupi, Amazon ni dakika 2, Google sekunde 30, hapo hata data ya shafo (ile mashine zinapeana katikati ya kazi) huwahi kuhamisha.

Nawapa nyota 3. Ingekuwa 4 kama kungekuwa na kitufe cha kuzima klasta ikikaa bure, hicho nimekiandikia skripti mwenyewe, na kwa kweli skripti yangu ndo inasimamia klasta kuliko wao.